Mayai Mdomoni mwa Sato

Yai la sato lina ukubwa wa punje ya mtama. Mwalimu aliliweka kwenye kipande cha kioo, akakisogeza chini ya hadubini, akaniambia nifumbe jicho moja. Nikafumba lile lisilotakiwa, darasa likacheka. Nikabadilisha. Mwanzoni niliona ukungu wa manjano tu. Kisha mwalimu akazungusha kitufe, na ghafla lile yai likawa kubwa kama papai, na ndani yake kulikuwa na macho mawili meusi yananitazama. Chini ya macho palikuwa na kitu chekundu kinadunda. Kinadunda, kinapumzika, kinadunda.

"Ni nini hiki kinachochezacheza?" niliuliza.

"Ni moyo, mzee."

Sikutoa jicho langu pale mpaka wenzangu kwenye foleni wakaanza kukohoa. Nilikuwa na miaka sitini na tatu. Zaidi ya arobaini kati ya hiyo nilikuwa nimewavua samaki wa ziwa hili, nimewapasua matumbo, nimewaanika, na mayai yao nimeyakaanga pembeni ya kikaango na kuyatafuna huku nikisubiri ugali uive. Sikuwahi hata siku moja kuwaza kwamba ndani ya punje ile kuna moyo.

Nilifika chuoni kwa njia isiyo ya kawaida. Kikundi chetu cha ufukweni kilikubaliwa kufuga sato kwenye vizimba, zile nyavu za mraba zinazoelea ziwani, kwa sharti kwamba mwanakikundi mmoja akasomee kazi hiyo. Tulipoulizana nani ana cheti cha kidato cha nne, kila mtu akatazama miguu yake. Vijana wetu waliacha shule mapema wakafuata dagaa. Mimi cheti nilikuwa nacho, kimelala sandukuni tangu ujana wangu, mende wamekula pembe moja lakini alama zinasomeka. Nikachaguliwa kama anavyochaguliwa mtu wa kubeba jeneza: kwa kuwa ana mabega. Nikawa natoka nyumbani kwangu Mkuyuni kila asubuhi na daftari kwapani, na majirani wanasimama milangoni kuhakikisha kwamba ni kweli.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi. Kila mwanafunzi niliyekutana naye getini aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba. Nilijiambia nitawasahihisha baadaye. Hiyo baadaye ilifika siku ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya wali maharage na sahani yangu ya plastiki. Binti mmoja akanipisha.

"Pita mbele, mwalimu. Walimu hawapangi foleni."

Ikabidi nimwambie kwamba mimi ni mwanafunzi kama yeye, tena wa darasa lake.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Sasa mbona juzi nimekuita mwalimu ukaitikia?"

"Niliona raha."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Binti huyo, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye baadaye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mazoezi. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na kijana mmoja mrefu wa Nyakato ambaye baba yake anafanya kazi kiwandani. Kijana huyo alikuwa na mdomo usiopumzika.

"Mzee, hebu tuambie ukweli," alinitania siku moja mbele ya darasa zima. "Hili ziwa ulilikuta, au mlikuja pamoja?"

"Nililikuta," nikamjibu, "ila lilikuwa bado dimbwi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma masomo kwenye simu. Alikuza herufi mpaka zikawa maneno manne kwa ukurasa, akasema sasa nasoma kama mtu anayesoma bango la barabarani. Binti alikuwa ananinong'oneza Kiswahili pale Kiingereza cha mwalimu kilipozidi mwendo. Mimi niliwafundisha mafundo ya nyavu. Tulikula pamoja, tukashindana na vikundi vingine kwa kushona chandarua, tukashinda. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa na hamu ya kujua jambo ambalo jana hakulijua.

Kijana alikuwa na doa moja. Muhula wa kwanza, siku ya zamu yake, alisahau kuwasha pampu ya hewa na tangi zima la vifaranga vya samaki likafa. Akapewa barua ya onyo la mwisho: uzembe mwingine wowote kwa samaki, anasimamishwa masomo mwaka mzima. Nakala ilipelekwa kwa baba yake. Alikuwa anaitania hata barua hiyo, lakini niliona jinsi alivyokuwa akirudi mara mbili kusikiliza kama pampu inanguruma kabla ya kwenda kula.

Siku chache baada ya ile hadubini, mwalimu alitukusanya mbele ya tangi la kioo. Ndani alikuwemo sato jike mmoja, na kuzunguka kichwa chake kulikuwa na vifaranga vidogo kama vumbi lenye macho, mamia kwa mamia. Mwalimu akatuambia tukae kimya. Akagonga kioo kwa ukucha. Vifaranga vyote viligeuka kwa mara moja, vikaenda kwenye mdomo wa mama yao kama moshi unaorudi ndani ya jiko, vikaingia. Jike akafunga mdomo. Tangi likabaki na samaki mmoja.

Hata kijana wa Nyakato alisema "aisee" tu, tena kwa sauti ya chini.

Mwalimu akaeleza. Sato jike huokota mayai yake kwa mdomo mara tu anapotaga, huyalea humo mpaka yaangue, na hata vifaranga vikishaanza kuogelea bado hukimbilia humo vikiona hatari. Muda wote huo, siku kumi na zaidi, mama hali kitu, asije akameza mtoto kwa bahati mbaya.

Nilirudi nyuma nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kwa miaka mingi mimi nilivuta kokoro. Ni wavu mrefu unaozungushwa kwa mtumbwi karibu na ufuko, kisha watu wanauvuta nchi kavu kwa kamba mbili, nao unakwangua kila kitu kilichoko chini. Ni marufuku, na ilikuwa marufuku nilipokuwa nikiuvuta. Tulikuwa tunamaliza kabla ya mtumbwi wa doria kupita. Majike ya sato yalipotupwa mchangani, midomo ilifunguka na visamaki vikamwagika nje. Sisi tulisema: mtazameni huyu, anakula wanawe. Ndiyo elimu tuliyokuwa nayo. Tuliambiana hivyo, tukacheka, nami nikawaambia watoto wangu. Kule kwetu ufukweni mwanamke aliyetelekeza watoto tulimwita sato. Na kwa kuwa tuliamini ni mla watoto, hatukumhurumia yeye wala vile vilivyomtoka mdomoni. Kuku walikuja wakavidonoa.

Nilitaka kumwambia mtu jambo hilo siku ile. Sikumwambia mtu.

Kila kikundi kilipewa jike mmoja. Wetu alikaa bwawani, ndani ya kizimba kidogo cha chandarua kilichofungwa kando ya daraja la mbao. Jumatano asubuhi mwalimu alimfungua mdomo mbele yetu, tukaona mayai yamejaa, rangi ya machungwa yaliyoiva. Ijumaa tungeyatoa na kuyahamishia kwenye chupa za kutotoleshea. Huo ndio ulikuwa mtihani wetu wa vitendo. Masharti yalibandikwa kwenye nguzo: mtu aliye peke yake asiguse samaki, mikono iwe imelowa, samaki ashikwe kwa wavu laini naye akiwa bado majini.

Mchana wa siku hiyo zamu ya kulisha ilikuwa ya kijana. Alilisha samaki wengine wa bwawani, akaandika kwenye daftari la zamu, akaenda maktaba. Mimi nikabaki darajani.

Nilitaka kuona tena. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine. Mayai yale yalikuwa yamenikaa kichwani. Nilipiga magoti nikafungua chandarua, nikakusudia kumwinua kidogo tu, nitazame, nimrudishe. Lakini mkono wangu ulimshika kama ulivyozoea kushika: kidole gumba shavu hili, kidole cha kati shavu la pili, ukabana, ukamnyanyua juu. Hivyo ndivyo tunavyomshika samaki anayekwenda sokoni. Alijipinda mara moja, akafungua mdomo, na mayai yote yakamwagika juu ya mbao.

Mengine yalipenya katikati ya mbao yakazama nje ya kizimba, na visamaki vya bwawani vikaja mbio. Yaliyobaki niliyakusanya kwa viganja. Mbao zilikuwa za moto kwa jua la saa nane, nayo yalikuwa yananipasukia vidoleni. Nilimrudisha jike majini nikamwekea machache mbele ya mdomo. Alizunguka kizimba, akazunguka tena, hakuyaokota.

Kisha nikachota maji kwa kopo nikasafisha mbao mpaka zikang'aa. Kumshika vibaya ilikuwa ni ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Zile mbao niliziosha nikiwa na akili zangu timamu.

Ijumaa mwalimu akafungua mdomo wa jike mbele ya kikundi. Ulikuwa mtupu. Akautazama, akatutazama.

"Nani alikuwa zamu Jumatano na Alhamisi?"

"Jumatano mimi," kijana alisema. "Alhamisi mwenyekiti."

"Alhamisi nilikuwa na mwalimu msaidizi muda wote," binti alisema haraka.

Mwalimu akamgeukia kijana. "Umemfanya nini huyu samaki?"

"Mwalimu, sijamgusa! Nimelisha nikaondoka. Naapa kwa Mungu."

"Hata kwa ile pampu uliapa."

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Napenda kuamini kwamba nilitaka kusema ukweli. Mwalimu, ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, na ambaye kila asubuhi aliniamkia shikamoo kabla ya kuanza kufundisha, aliniinulia kiganja kwa heshima zote.

"Mzee wangu, wewe pumzika. Nazungumza na hawa vijana."

Nikapumzika. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyefikiri kuniuliza, kwa sababu nina mvi, na katika nchi yetu mtu mwenye mvi haulizwi maswali ya namna hiyo mbele ya watoto. Mvi zangu zilinifunika kama mwavuli, nami nikakaa chini yake kimya, nikimtazama kijana akilia kwa hasira. Aliambiwa Jumatatu saa nne kamati ya nidhamu itakaa na baba yake aje. Baba yake akapigiwa simu palepale.

Jumamosi binti aliniambia kwamba kijana amefukuzwa nyumbani. Baba yake alimfokea mbele ya mama na wadogo zake, akamwambia hana faida na asirudi. Amejihifadhi kwa rafiki.

"Mzee, wewe ungeongea na mwalimu," binti aliniambia. "Wewe anakusikiliza."

"Nitaongea," nikasema. Jumamosi ikapita.

Jumapili nilitembea mpaka ufukoni tulipokuwa tukivutia kokoro. Ziwa lilikuwa limetulia na maji yalikuwa maangavu hadi chini. Nikaona mashimo mchangani, ya mviringo, mapana kama masinia, yamepangana mstari baada ya mstari. Mashimo hayo nilikuwa nikiyaona tangu utotoni na nikiyakanyaga. Sasa nilikuwa nimesoma: ni viota. Dume la sato hulichimba shimo lake kwa mdomo, hulifagia, hulilinda, na jike huja kutaga humo. Juu ya moja niliona dume limesimama, mapezi yanapepea taratibu, likimfukuza kila anayekaribia. Nilivua viatu nikaingia mpaka magotini. Halikukimbia. Lilinijia mguuni likanigonga kwa kichwa, kiumbe kisichozidi kiganja changu, mara mbili, mara tatu, linanifukuza mimi niliyekwangua mahali hapo kwa kamba miaka na miaka. Nilitoka nikakaa juu ya mwamba, nikilitazama likirudi kwenye kiota chake.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa mwalimu.

"Mayai ya Jumatano niliyamwaga mimi," nilimwambia kabla hajaniamkia. "Kijana hajui lolote."

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionishinda. "Mzee, naelewa. Una moyo wa mzazi. Lakini usijitwike mzigo wa huyu kijana. Lazima ajifunze."

"Sijajitwika. Ni mimi."

"Mzee wangu..."

"Hunisadiki."

"Mtu aliyevua samaki miaka arobaini hawezi kufanya kosa la mtoto."

"Basi twende bwawani."

Tukaenda. Nikamwomba anipe dume, samaki asiye na kitu mdomoni. Akanielekeza kwenye tangi la madume. "Niambie nimtoe," nikamwambia, "na usinikumbushe masharti." Akasema, haya, mtoe. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha, lakini sikuhitaji kuonyesha kitu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe: mkavu, gumba shavu hili, kidole cha kati shavu lile, ukabana, ukanyanyua. Samaki akafungua mdomo wazi kabisa, ukapanuka kama mfuko.

Mwalimu aliutazama mdomo ule, kisha mkono wangu.

"Mrudishe, mzee," akasema. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Na siku tatu zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa chini ya mvi zangu."

Alinitendea haki. Kamati ilimfutia kijana shtaka, na mimi nikaondolewa kwenye mazoezi ya samaki hai kwa muhula mzima. Mtihani wa vitendo nimeurudia na darasa lililofuata. Binti alininunia wiki nzima, kisha siku moja akaniwekea kiti mezani.

Kijana alinisubiri nje ya kamati.

"Mzee, siku tatu? Tumekula pamoja Ijumaa mchana. Uliniambia nijikaze!"

"Ndiyo, nilikuambia."

"Afadhali ungekuwa adui yangu, ningejua."

Nilimwomba jambo moja tu: anipeleke kwao. Baba yake alikuwa ameshapigiwa simu na chuo kwamba asije, kijana hana kosa, lakini maneno aliyoyasema nyumbani yalisemwa kwa sababu yangu, na nilitaka niyafuate mpaka pale yalipoangukia.

Alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Twende basi, ila mimi siingii."

Tulifika Nyakato saa kumi na moja. Baba yake alikuwa ametoka zamu ya mchana, bado yuko na ovaroli, vumbi jeupe kwenye nyusi. Ni mtu wa makamo tu. Aliponiona akasimama, akaniamkia, akanipa kiti chenye mto. Mke wake alileta chai. Kijana alisimama nje ya mlango, bega ndani, bega nje.

Nilisema yote. Nilivyomshika samaki, nilivyoosha mbao, nilivyonyamaza. Sikutaja uzee wangu. Nilipomaliza yule bwana aliweka kikombe chini. Nilijiandaa kwa matusi, na kusema kweli nilikuwa nayatamani.

Aliinuka akaenda dirishani, akawaita watoto wake wadogo waliokuwa wakicheza uani. Wakaja wanne, miguu ina matope, wakajipanga ukutani bila kujua wamefanya nini. Akamwita mke wake kutoka jikoni. Kisha akamgeukia mwanawe pale mlangoni.

"Siku ile nilikuambia huna faida," alisema. "Nilisema mbele ya mama yako na mbele ya hawa. Kwa hiyo nimewaita wote wasikie. Nilikukosea, mwanangu. Sikukuuliza. Nisamehe."

Sikuwahi kuona jambo hilo katika maisha yangu. Nimezaliwa, nimekua, nimeoa, nimezika. Nimeona wazazi wakipiga, wakifukuza, wakilaani, na wakati mwingine wakilia kisirisiri. Mzazi kumwomba mtoto radhi, amesimama, watoto wengine wakitazama, sikuwahi kuona, na sikujua kama linaruhusiwa. Mdogo kuliko wote alimtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Kijana, yule mwenye mdomo, alifuta uso kwa mkono wa shati, akaingia ndani, akavua viatu.

"Baba, kaa basi," akasema. "Kaa, chai inapoa."

Baba yake akakaa. Mimi nina watoto wanne, wote watu wazima. Nilikishika kikombe changu kwa mikono miwili nikamtafuta kichwani mmoja wao niliyewahi kumwambia nisamehe, kwa kosa lolote kati ya mengi. Sikumpata. Yule bwana akanisogezea sukari.